Taa ya spiriti, kufuli la mlango wa nyuma na uongo wangu

Najua nimeadimika. Wengine mlidhani nimedisko, wengine mkasema bumu limetoka kwa hiyo niko mjini nakula bata. Hapana jamani. Bumu lenyewe lilishakwisha siku nyingi, sasa hivi ni wali maharage mchana na chai ya rangi usiku. Nilinyamaza kwa sababu kuna jambo nilishindwa kuliandika. Nimelianza mara tatu, mara zote nimefuta. Leo liwalo na liwe.

Wenzangu mnaosoma ualimu wa sayansi mnayajua yale mazoezi ya kufundishana. Unasimama mbele na chaki, wenzako wanajifanya kidato cha pili, lekchara kakaa nyuma na karatasi yake ya maksi. Unapewa dakika ishirini. Wanafunzi ndio hao hao washkaji zako, mtu ana ndevu mpaka kifuani ananyoosha kidole anakuuliza, "Madamu, eti wanga ni nini?" Ukicheka, maksi zinapungua.

Mada yangu ilikuwa kupima wanga kwenye jani. Wote tumeifanya sekondari. Unachemsha jani kwenye maji, unalihamishia kwenye ethano ya moto mpaka ile rangi ya kijani itoke, unalisuuza, unadondoshea iodini. Palipo na wanga panageuka bluu iliyokolea karibu na nyeusi. Kanuni yake kubwa ni moja: ethano haipashwi juu ya moto. Unachemsha maji kwanza, unazima moto, ndipo unazamisha testi tyubu yenye ethano ndani ya yale maji. Nilikuwa nimeiandika kanuni hiyo kwenye andalio la somo na kuipigia mstari mwekundu. Andalio ninalo mpaka leo na mstari upo.

Siku ile gesi ya labu ilikuwa imeisha, kwa hiyo Mzee Kombo, fundi wetu wa maabara (jina nimembadilisha, na wengine wote humu pia), alituandalia taa za spiriti. Zile za kioo zenye utambi. Akaweka na chupa ya plastiki ya lita moja yenye spiriti, kule kwenye meza yake ya pembeni, mbali na sisi. Hilo la "mbali na sisi" naomba mlikumbuke.

Sasa hapa naomba niseme jambo lingine la aibu. Mimi mpaka mwaka wa tatu sikuwa na koti la maabara. La kwanza liliungua pasi mwaka wa kwanza, na kila bumu likitoka nasema nitanunua jingine, halafu naona viatu. Kwa hiyo nilikuwa naazima la Zuhura, rumeti wangu. Siku ile kipindi kilikuwa cha kwetu sote wawili. Nilimwambia, "Shosti, mimi ndiye ninayesimama mbele, nipe mimi." Akanipa. Yeye akaja na blauzi ya mikono mirefu, kile kitambaa laini cha kuteleza, akakaa benchi la mbele ili aninong'oneze nikisahau.

Somo likaenda vizuri mpaka dakika ya kumi na mbili hivi. Maji hayachemki. Naangalia taa, naona kama imezimika. Lekchara kaangalia saa yake. Kwenye akili yangu kilichokuwepo ni maksi tu, wallahi. Nikaenda kwenye meza ya Mzee Kombo, nikachukua ile chupa, nikarudi, nikaanza kuongezea spiriti kwenye taa.

Taa haikuwa imezimika. Ilikuwa karibu na dirisha, jua la saa tano linapiga pale pale, na moto wa spiriti una rangi ya samawati hafifu ambayo kwenye mwanga mkali huioni kabisa. Nilisikia sauti kama mtu kapuliza kwa nguvu, fyuu, na moto ukapanda kwenye ule mchirizi mpaka mdomoni mwa chupa niliyoishika. Nikaitupa. Ukiwa na moto mkononi hufikirii, unatupa. Niliitupa mbele, na mbele alikuwepo Zuhura.

Spiriti ikatapakaa juu ya benchi na kwenye mkono wake wa kushoto. Nakumbuka alikuwa anaangalia mkono wake kama wa mtu mwingine. Moto huuoni vizuri, unaona tu blauzi inajikunja na kuwa nyeusi. Kile kitambaa hakiungui kama pamba, kinayeyuka na kuganda kwenye ngozi.

Watu wakaanza kupiga kelele na kukimbia. Mlango wa mbele uko upande ule ule wa meza ya mwalimu, yaani palipokuwa panawaka, kwa hiyo wote wakakimbilia wa nyuma. Tulikuwa 34 mle ndani. Mlango wa nyuma una geti la nondo na ulikuwa na kufuli. Ufunguo anakaa nao mlinzi getini. Wa kwanza kufika wakaanza kulitikisa lile geti, wa nyuma hawajui kwamba limefungwa, wanasukuma. Msichana mmoja mdogo wa mwili alibanwa kwenye nondo mpaka akashindwa kupiga kelele. Hiyo sauti ya kutopiga kelele sikuijua kabla ya siku ile.

CR wetu, kijana jasiri kweli, alichomoa mtungi wa kuzimia moto ukutani. Akavuta pini, akabana, kimya. Akabana tena. Hamna kitu. Baadaye tuliuangalia: mshale wa kipimo ulikuwa umelala kwenye nyekundu, na kile kikaratasi cha ukaguzi kina tarehe ya miaka sita nyuma. Miaka mitatu nimepita mbele ya mtungi ule kila wiki na sijawahi kuuangalia hata kwa bahati mbaya.

Aliyetuokoa ni Mzee Kombo. Mzee hakukimbia wala hakupiga kelele. Alivuta blanketi la moto kwenye ule mfuko mwekundu, akamfunika Zuhura mkono na bega kwa pamoja, akamkalisha chini. Kisha akamwambia CR, "Mchanga, mwanangu, ndoo ile." Ndoo ya mchanga ipo kona kwa miaka, sisi tunatupia humo maganda ya pipi na kokwa za maembe. Ukamwagwa benchini na maganda yake yote na kokwa zake. Moto ukafa. Nadhani kila kitu hakikufika dakika mbili.

Halafu Mzee akampeleka Zuhura kwenye sinki, akamvua bangili na pete kabla mkono haujavimba, akafungua bomba. Pale ndipo nilipoona tulivyo wasomi. Mmoja kaja na dawa ya meno, mwingine anasema asali, mwingine anauliza nani ana yai bichi. Mzee akauangalia ule mrija wa dawa ya meno, akasema, "Mwanangu, huu ni mkono, si meno. Ni maji tu." Na maji yale yalikaa juu ya mkono dakika ishirini kwa saa, Zuhura anatetemeka, anasema baridi, Mzee anamwambia, "Vumilia mama, joto bado limo ndani." Kitambaa kilichogandia ngozi hakukibandua. Alisema hicho ni kazi ya hospitali. Daktari baadaye alisema maji yale yalisaidia sana, na wenye dawa ya meno tukanyamaza.

Zuhura alilazwa siku tisa. Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nifute mara tatu.

Jioni ya siku ile nilipewa fomu ya ajali nijaze. Kuna sehemu imeandikwa "Eleza kilichotokea." Niliandika kwamba taa ililipuka. Niliandika kwamba huenda chupa iliwekwa karibu na taa. Sikuandika kwamba niliifuata mwenyewe kule ilikokuwa. Nilijiambia sijamtaja mtu. Na ni kweli, sikutaja jina la mtu. Lakini chupa huwa anaiweka nani?

Baada ya wiki moja Mzee Kombo aliitwa ofisini. Mzee yule mkataba wake unahuishwa mwaka kwa mwaka, hana ajira ya kudumu, na ana wajukuu wawili anaowasomesha. Ikaanza kusemwa kwenye korido kwamba amezeeka, kwamba anaweka spiriti ovyo, kwamba afadhali apumzike. Nikawa nakutana naye, "Shikamoo mzee," "Marahaba mwanangu, mwenzio anaendeleaje?" Anauliza kwa upole ule ule. Hajaniuliza hata siku moja niliandika nini.

Nikawa silali. Na kwa kuwa silali, nikawa nasoma. Nilikuwa natafuta, niwe mkweli, mtu aliyefanya kosa kama langu nikajifariji. Nikampata, ila faraja sikuipata.

Nilisoma kuhusu chuo kikuu cha California kule Los Angeles. Tarehe 29 Desemba 2008, msaidizi wa utafiti mwenye miaka 23, karibu umri wangu huu, alikuwa anavuta kwa bomba la sindano kemikali ambayo ikikutana na hewa tu inawaka yenyewe, huhitaji kiberiti. Bomba likachomoka. Alikuwa amevaa sweta la nyuzi za viwandani na hakuwa na koti la maabara. Bomba la kuogea la dharura lilikuwepo mle mle, lakini kwa kihoro kile hakufikishwa huko. Alikaa hospitali siku 18, akafariki tarehe 16 Januari 2009. Miezi miwili kabla, Oktoba 2008, wakaguzi wa chuo chenyewe walikuwa wameandika kwamba watu wa maabara ile hawavai makoti. Tena chuo tajiri, chuo cha dunia. Niliposoma hapo kwenye koti nilifunga kompyuta, nikaenda kukaa nje. Koti la Zuhura lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wetu, jeupe, safi, halina hata doa.

Nikasoma na la shule moja ya sekondari ya New York, Januari 2014. Mwalimu alikuwa anawaonyesha wanafunzi jinsi chumvi mbalimbali zinavyotoa rangi tofauti kwenye moto, lile somo la upinde wa mvua ambalo kila mwalimu wa kemia analipenda. Alitumia methano. Alipokuwa anaongeza kutoka kwenye chombo kikubwa, mvuke ukashika, moto ukaruka na kuwafikia wanafunzi. Mwanafunzi mmoja aliungua vibaya sana. Mwaka huo huo Marekani ajali za methano za namna hiyo zilitokea tena, hata baada ya bodi ya serikali inayochunguza ajali za kemikali kutoa onyo. Niliposoma "alipokuwa anaongeza" niliiona mikono yangu mwenyewe.

Sababu yake ni sayansi ya kawaida, tena tumefundishwa. Kinachoungua si ule umajimaji, ni mvuke wake. Ethano hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye joto la chini ya nyuzi 20 za sentigredi. Sasa niambie, hapa kwetu ni lini chumba kimekuwa na nyuzi 20? Maana yake kila ukifungua chupa ya spiriti mchana, mdomoni pale tayari kuna mvuke unaosubiri cheche. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi ukapotea darini, unatambaa juu ya benchi na kushuka sakafuni, unaweza kwenda kukuta moto ulioko mbali na wewe. Nilipata B kwenye somo hilo. B! Niliijua kwenye pepa, mikononi sikuwa nayo.

Halafu kuna la mlango. Ninyi mliokulia Kenya au mpakani mnaikumbuka Kyanguli, Machakos, Machi 2001. Wavulana 67 walikufa bwenini. Moto ule uliwashwa kwa makusudi, hilo ni jambo jingine, lakini mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Sikuzaliwa hata, ila niliposoma nilisikia ile sauti ya msichana aliyebanwa getini kwetu. Sisi moto wetu ulikuwa wa lita moja isiyojaa. Ungekuwa wa mtungi wa gesi, au moto ule ungefika kwenye lile kabati la nyuma linalotunza asetoni, mngekuwa mnasoma habari zetu sehemu nyingine, si hapa.

Na msidhani kufuli liliwekwa na mtu mwenye roho mbaya. Nilimuuliza mlinzi. Miaka michache iliyopita darubini ziliibwa usiku kupitia mlango ule, na yeye alikatwa mshahara. Kufuli limewekwa kwa sababu ya wizi, na ni sababu ya kweli. Tatizo ni kwamba wezi wanakuja usiku, sisi tunaingia mchana, na kufuli halijui saa.

Zuhura alipotoka hospitali nilimbebea begi mpaka chumbani. Mkono umefungwa bendeji kutoka kiwiko mpaka kwenye vidole. Nilimwomba msamaha, nikalia, akaniambia amenisamehe, kazi ya Mungu. Nikajiona mwepesi. Kisha akaniuliza, "Fomu uliandikaje?" Nikamwambia. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Mimi mkono nimekusamehe, ni wangu. Wa Mzee Kombo siwezi kukusamehe kwa niaba yake."

Hakuongea na mimi siku mbili. Kwenye chumba cha vitanda viwili, siku mbili ni nyingi.

Siku ya tatu asubuhi nilikwenda kwa lekchara. Nilikuwa nimeshajipangia yote: nitapewa sifuri, nitapata sapu, huenda na kamati ya nidhamu, mama ataniuliza ada aliyouzia ng'ombe imekwenda wapi. Mlango wa ofisi niliugonga kidogo kidogo nikiomba awe hayupo. Alikuwepo. "Shikamoo Dokta." "Marahaba, kaa." Sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: taa ilikuwa inawaka, chupa niliifuata mimi, koti lilikuwa la Zuhura, fomu niliandika uongo.

Akavua miwani. Akasema, "Nilikuona ukienda kuchukua chupa. Nikasema moyoni, ngoja nione atafanyaje, nilikuwa najaza karatasi yako ya maksi. Nami fomu yangu sikuandika hilo."

Tukabaki tunaangaliana. Mimi nilikwenda kuungama, kumbe na yeye alikuwa na lake.

Tuliandika upya wote wawili, kila mtu yake. Kwenye yangu niliongeza mambo matatu ambayo mwanzoni niliyaacha kwa sababu nilitaka jambo liishe haraka: kufuli la mlango wa nyuma, mtungi uliokufa, na kwamba wanafunzi tisa siku ile hawakuwa na makoti na tuliruhusiwa kuingia. Zoezi langu lilifutwa, nitalirudia. Nilipewa onyo la maandishi na liko kwenye faili langu, litakaa humo. Sijapinga. Mzee Kombo mkataba umehuishwa. Nilikwenda kumwomba radhi, nikamkuta anaosha testi tyubu. Aliendelea kuosha. Akasema, "Nilijua, mwanangu. Chupa yangu naijua nilikoiweka." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Mtoto wa mtu nimwambie muongo mbele za watu? Nilisubiri." Mpaka sasa nikikumbuka najisikia vibaya kuliko siku ile ya onyo.

Mitungi mipya tumeletewa minne. Mlango wa nyuma wamesema utawekwa komeo la kufungulia kwa ndani, lisilohitaji ufunguo, ila fedha zinasubiri bajeti. Kwa sasa CR na Mzee Kombo wamebuni lao. Wamepigilia msumari pembeni ya ubao. Kipindi kikianza, kufuli linavuliwa mlangoni na kuning'inizwa kwenye msumari ule, kila mtu analiona. Kama halipo msumarini, hatuanzi. Lekchara mmoja alijaribu kuanza bila hivyo, darasa zima likageuka kuangalia msumari. Akacheka, akaenda kulivua mwenyewe.

Sasa kwa nini nimewaandikia haya marefu hivi? Kwa sababu Julai tunakwenda tipi. Mimi nimepangiwa sekondari ya kata, huko mkoani. Mnakumbuka Rais Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia? Nilikuwa mdogo, shule ya msingi, nakumbuka baba akidaiwa mchango. Majengo yakajengwa. Lakini shule nyingi hazina Mzee Kombo ndani yake. Nitakuwa mimi tu, na watoto sitini, na taa ya spiriti. Nani atavuta blanketi?

Kwa hiyo nimejiwekea haya, na ninyi chukueni mnayoona yanafaa.

Kwanza, kabla sijafundisha, nazunguka chumba. Milango mingapi, ipi imefungwa, ufunguo uko kwa nani na yule mtu yuko wapi saa hizi. Kama ana tabia ya kwenda kunywa chai saa nne, basi saa nne ufunguo uko kwangu.

Pili, taa ya spiriti haiongezwi ikiwa inawaka wala ikiwa ya moto. Funika kwa kifuniko chake, subiri ipoe kabisa, ndipo uongeze, tena mbali na taa nyingine zote. Chupa kubwa haikai kwenye benchi la wanafunzi. Muda wa somo ukiisha kabla jani halijabadilika rangi, uishe. Jani lipo kesho.

Tatu, mtungi wa kuzimia moto uuangalie siku ambayo hakuna moto. Mshale uwe kwenye kijani, pini iwepo. Ukiutumia: vuta pini, elekeza kwenye shina la moto na si kwenye ndimi, bana, fagia kushoto na kulia. Haudumu, ni sekunde chache tu, kwa hiyo hakikisha mgongo wako uko upande wa mlango. Ukiisha na moto bado upo, toka. Moshi ukijaa chumbani, inama, tambaa chini kwenye hewa. Moshi unaua kabla ya moto.

Nne, nguo ikishika moto usikimbie. Simama, lala, biringika, au ufunikwe. Ukiungua, maji ya bomba dakika ishirini. Dawa ya meno ni ya meno.

Tano, namba ya Zimamoto hapa Tanzania ni 114. Siku ile tulikuwa watu 34 wenye simu, wengine wana mbili, na hakuna hata mmoja aliyepiga. Wawili walikuwa wanarekodi video.

Na sita, koti. Nimenunua. Bumu lililopita, kabla hata sijalipa deni la mama ntilie, nilikwenda kwa fundi cherehani nikashonesha la pamba, mikono mirefu, vifungo vyote. Lina kosa kidogo begani lakini ni langu. Zuhura wiki iliyopita alirudi labu kwa mara ya kwanza. Kovu lake linavuta ngozi, vidole viwili bado havikunji vizuri, na mwandiko wake si kama zamani kwa sababu, kwa bahati yangu mbaya, yeye ni wa kushoto. Tulisimama mlangoni, kila mmoja na koti lake. Akaangalia kule mbele, kwenye benchi lile, nikadhani atageuka arudi. Akaniuliza, "Kufuli liko wapi?"

Nikamwonyesha. Lilikuwa msumarini. Tukaingia.

Haya wapendwa, ngoja nikaandae zoezi langu la kurudia, ni Alhamisi. Jani la mhibiskasi nimeshalitafuta. Mniombee, na mkipita kwenye majengo yenu ya maabara kesho, sukumeni ule mlango wa nyuma mwone kama unafunguka.